Ukuta wa Babu Mbele ya Kitanda cha Bibi

Mpendwa Shangazi, naomba msaada na naomba pia usinicheke, maana hili ninalotaka kusema sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja ambaye hakuna siri yangu asiyoijua. Ni hivi: tangu nyumba yetu mpya ianze kuchorwa nimekuwa nikitafsiri maneno ya bibi yangu visivyo, kwa makusudi, huku najua, na sasa kuna nyumba nzima ya ufukweni inakaribia kujengwa juu ya jambo ambalo bibi hakulisema.

Ngoja nieleze vizuri usije ukaniona mtoto mbaya kabla hujafika chini. Naishi na bibi, mama yake mama, kwenye nyumba ya zamani inayotazama bahari, bati limeliwa na chumvi mpaka mvua ikinyesha tunahamisha masufuria huku na huku kama wacheza drafti, mlango wa jikoni umevimba lazima uusukume kwa nyonga, na mama ni muuguzi mji mwingine, huja mwisho wa mwezi akiwa amechoka analala, anaamka, anaondoka, kwa hiyo siku nyingi tuko wawili tu, mimi na bibi na sauti ya maji. Mjomba wangu ndiye mwenye uwezo. Alisema kabla hilo bati halijatuangukia atamjengea mama yake nyumba ya kisasa palepale, nyumba ya kupumua pamoja na upepo na miti, yenye sanaa ndani yake, hayo ni maneno yake, aliyasema kwenye simu akiwa na furaha, na bibi akamjibu, "Mwanangu, niwekee bati lisilovuja, sanaa nitaipika mwenyewe."

Mjomba akatuletea msanifu wa majengo, dada mmoja mrefu mwenye penseli sikioni, akifika anavua viatu anatembea pekupeku anasema anataka kujua jua linapita wapi na upepo unaingilia wapi. Nilimpenda siku ileile. Tatizo anajua lugha ya shule peke yake, ya nyumbani hajui ila salamu, na hiyo nayo anaishika kichwa chini miguu juu, siku ya kwanza aliinama mbele ya bibi akasema kwa heshima zote, "Marahaba!" Bibi akanigeukia, "Haya, nimeshakuwa mtoto wake. Shikamoo, mama." Tulicheka sote, hata yeye, bila kujua anacheka nini.

Mkalimani nikawa mimi. Shangazi, mimi ni mtu wa aibu, darasani najua jibu kwa lugha zote mbili na silisemi kwa hata moja, mwalimu akinitaja jina masikio yanawaka moto. Lakini nikitafsiri siogopi. Sauti inatoka safi, naangalia watu usoni, kwa sababu maneno si yangu, mimi ni bomba tu, maji yanapita. Ndivyo nilivyodhani.

Sasa kuhusu ukuta. Babu yangu, marehemu, alikuwa mchora mabango. Vinyozi, mafundi viatu, wauza chai, karibu wote wa mtaani kwetu mabango yao ni mkono wake. Na kabla hajaenda kuchora duka la mtu alikuwa anajaribu kwanza nyumbani, kwenye ukuta wa baraza unaotazama bahari, anasema brashi nayo inahitaji kuamshwa. Kwa hiyo ule ukuta umejaa vitu nusunusu, kichana kisicho na meno upande mmoja, vikombe vya chai vinavyotoa moshi, kiatu kisicho na kamba, kuku wa mguu mmoja, na neno KARIBU lililoishia KARI kwa sababu mvua ilimkatiza na hakurudi kulimalizia. Nilijifunza kusoma pale kabla sijapelekwa shule. Herufi ya kwanza niliyoijua ni K ya KINYOZI na kwa muda mrefu niliamini kila K duniani imetoka kunyolewa.

Alikuwa ananikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kazi yangu kuosha brashi kwenye mafuta ya taa, na mpaka leo harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya mwani uliokauka nageuka kumtafuta. Nikisogeza kidole ukutani anasema bila kugeuka, "Ewe. Bado mbichi."

"Babu, una macho kisogoni?"

"Ninayo, yamezibwa na kofia."

Jioni jua likiwa chini lilikuwa linaupiga ukuta wote kwa mara moja, vile vitu vya nusunusu vinang'aa, na mimi nilikuwa nakodoa nikidhani kuku atashusha mguu wa pili. Hakuna runinga niliyowahi kuipenda kama ukuta ule.

Mwaka wake wa mwisho mkono ulianza kumtetemeka na watu wakaacha kumpa kazi, kwa adabu tu, wanasema "Tutakuita, mzee," wasimwite. Lakini kila asubuhi bado anataka brashi yake. Siku moja akasema anataka kuchora mstari wa bahari, ule wa mbali kabisa ambapo maji yanakutana na mbingu, mstari mmoja tu wa buluu kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho. Bibi aliacha vyombo vyake kwenye karai akaja na mikono yenye povu akamshika kiwiko, wakatembea taratibu ubavuni mwa ukuta kama watu wanaovushana barabara. Mstari ulipinda. Babu akarudi nyuma akautazama, akasema, "Bahari imelewa." Bibi akasema, "Imemwiga mchoraji." Hicho ndicho kitu cha mwisho alichochora.

Na hiyo buluu ndiyo inayobanduka kuliko rangi zote, labda aliizimua sana. Chumvi inaitoa vipande vidogo vidogo kama maganda, na kila asubuhi bibi anafagia baraza, anavizoa, anaenda kuvimwaga nyuma ya nyumba kwenye shina la mti wetu wa mvinje. Nikimuuliza kama chai iko tayari ananiambia, "Subiri kwanza nimzoe babu yako." Ni utani wetu, tunacheka kila siku, hata mama akija anacheka.

Basi. Siku ya kwanza ya kazi msanifu alitandaza karatasi mezani pale barazani, akaniambia, "Muulize, akifumbua macho asubuhi anataka aone nini?" Nilipenda sana lile swali. Bibi naye alilipenda, alifuta kwanza meza ambayo haikuwa na uchafu, halafu akasema, "Mwambie nataka chumba cha nyuma, kinachotazama mvinje. Dirisha la kiasi, asinitie kwenye vioo pande zote kama keki dukani. Jiko liwe na mlango wangu mwenyewe wa kutokea nje. Na huu ukuta uangushwe. Nyumba mpya, ukuta mpya, mweupe, basi."

Nikaanza kutafsiri vizuri kabisa, chumba, mvinje, dirisha, keki, msanifu akacheka, jiko, mlango, na nilipofika kwenye ukuta nikaisikia sauti yangu, ile safi ya kutafsiri, inasema: huu ukuta usiguswe, anataka nyumba ijengwe kuuzunguka.

Naapa sikupanga, Shangazi. Lilitoka kama chafya.

Msanifu aliweka penseli chini. Akausogelea ukuta bila kuugusa, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa, akasimama pale mpaka nikaanza kutokwa jasho, akarudi macho yamelowa akasema, "Mwambie asante. Sasa nyumba nimeiona." Bibi akauliza, "Analilia nini?" Nikasema, "Vumbi, bibi."

Tangu hapo ni uongo juu ya uongo. Michoro ilipokuja, nyumba yote ilikuwa imeuzunguka ukuta, ukuta upo kwenye ua wa ndani ulio wazi juu, na kwa kweli ni nyumba nzuri mno, imeinuliwa kwenye nguzo ili mchanga upite chini unavyotaka, kuta nyingine ni za mbao zilizoachiana nafasi upepo uingie na kutoka kama mtu wa nyumbani, paa limelala upande mmoja kama bawa likusanye mvua, milango yote inateleza. Ni nyumba ambayo ningeikata gazetini nikaibandika juu ya kitanda. Bibi aliiona milango akauliza, "Inateleza? Sasa siku nikikasirika nabamiza nini?" Hilo nililitafsiri neno kwa neno, msanifu akacheka mpaka akashika tumbo, mchoro uliofuata akamwekea bibi mlango mmoja wa kubamiza, wa jikoni.

Lakini kwa kuwa bibi "anaupenda" ukuta, msanifu akakihamisha chumba chake. Kitanda sasa kinautazama ukuta moja kwa moja, ili akifumbua macho tu aone kazi ya mumewe. Na kule nyuma palipopaswa kuwa chumba sasa litakaa tangi la maji ya mvua, hakuna nafasi nyingine, mvinje utakatwa. Msanifu alisikitika, aliniambia nimwombe bibi radhi kwa ajili ya mti. Hilo sikulitafsiri. Nilisema anauliza kama chai ipo.

Bibi aliweka kidole kwenye mchoro, "Hapa ni wapi?"

"Chumbani kwako."

"Na hiki mbele ya kitanda?"

"Ua, bibi."

"Na huu mstari mnene?"

"Ukuta tu."

"Mweupe?"

Nikasema ndiyo. Akauangalia tena mchoro, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu dada anachora vizuri ila masikio yake ni ya mapambo. Mimi nilisema nyuma." Nikamtafsiria msanifu: anasema unachora vizuri. Hata mjomba alipopiga simu akisema, "Mama, kumbe wewe ni mtu wa sanaa namna hii, umetuficha miaka yote!" bibi akauliza, "Sanaa gani tena?" nikamnyang'anya simu nikasema chaji inaisha.

Sasa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu mjomba anakuja na msanifu, wanaleta kielelezo cha nyumba, nyumba nzima ndogo ya karatasi ngumu, na msanifu ameniambia kama siri kwamba ameuchora ule ukuta kwa rangi zake zote, na kichana, na kuku, na mstari uliopinda. Mjomba anajua lugha zote mbili. Jumatatu yake mafundi wanaanza kazi, na wanaanzia nyuma.

Nimefikiria kuumwa siku hiyo. Nimefikiria kumwomba msanifu kimyakimya ageuze kitanda tu, mengine yabaki. Nikisema kweli ukuta utaanguka na mimi nitakuwa nimemzika babu mara ya pili kwa mdomo wangu, na nisiposema bibi atalala kwenye nyumba asiyoiomba, na kinachonitisha zaidi ya vyote ni yale macho aliyoniangalia nayo juu ya mchoro, sitaki aniangalie vile tena, nina bibi mmoja tu. Nifanye nini?

Kitu kingine, naomba ukinijibu ujibu kwa namna ambayo haitajulikana ni mimi, kwa sababu bibi haoni tena herufi ndogo, kila Jumatano ananituma gazeti na mimi ndiye ninayemsomea safu yako, anakupenda, anasema una mdomo kama wa dada yake marehemu. Au niambie niruke mistari gani. Na pia nilitaka kukuuliza kuhusu ule ufagio, kwa nini siku hizi akimaliza kufagia anakaa kwanza pale nyuma ndio anakuja, zamani alikuwa… nasikia kandambili zake, amerudi kutoka kwa jirani, yuko mlangoni naficha

*

SHANGAZI ANAJIBU

Mkalimani wangu,

Barua yako imenifikia imekunjwa mpaka ikawa kama kidonge, haina kwaheri wala jina. Pole. Naanza na pole kwa sababu nitakugombeza sasa hivi, na nataka ujue ipi ilitangulia.

Binti, umemwibia mtu mzima mdomo. Mwanamke ameishi chini ya bati linalovuja, akahamisha masufuria mpaka akazeeka, halafu siku moja anatokea mtu na kumuuliza swali ambalo wengi wetu tutakufa bila kuulizwa: ukifumbua macho unataka uone nini? Anafikiri. Anajibu kwa mpangilio, mpaka na keki. Na jibu lake linafia kinywani mwa mjukuu wake mwenyewe, tena mjukuu aliyemlea. Halafu unanisimulia habari za bomba. Bomba haliyatii maji sukari, mwanangu.

Na msanifu wa watu umemfanya awe kiziwi machoni pa bibi. Dada yule anavua viatu ili aisikie ardhi. Alisikia kwamba bibi anataka mlango wa kubamiza, akampa mlango wa kubamiza! Mtu wa namna hiyo angeshindwa kusikia "chumba cha nyuma"? Masikio ya mapambo hayakuwa yake.

Haya, hiyo ndiyo fimbo. Sasa tuzungumze.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja. Umeniandikia kichana, vikombe, kuku, ndoo iliyopinduliwa, mafuta ya taa. Nimekaa nawe kwenye ile ndoo, nimemwona mzee na kofia yake. Lakini hakuna hata mahali pamoja ulipoandika "nautaka ukuta ule." Rudia usome uone. Ulikuwa na neno lako moja la kusema mbele ya watu, ukaliogopa, ukalivisha kanga ya bibi yako likatoka nje limejifunika uso. Kosa lako limeanzia hapo. Kuutaka ukuta si dhambi. Ni babu yako, ni darasa lako la kwanza, una haki ya kuulilia mbele ya mjomba, mbele ya msanifu, mbele ya mafundi na nyundo zao. Ila uulilie kwa sauti yako, hata kama itatoka imekwaruza na masikio yanawaka moto. Mficha uchi hazai.

Sasa mvinje.

Nilipoikunjua barua yako kilidondoka mezani kipande cha rangi ya buluu, kidogo kuliko ukucha. Sidhani kama ulikitia makusudi. Nikakikusanya kwa kiganja nikitupe, kama nifanyavyo makombo ya mkate, na mkono ukagoma. Nilikuwa nimeshasoma habari za kiwiko na povu. Nikabaki nimekishika, mtu mzima mwenye kazi zangu, simjui mchoraji wala sijafika kwenu, nikitafuta mahali pa kukiweka.

Bibi yako anafanya hivyo kila asubuhi. Wewe unauliza chai.

Unasema huo ni utani wenu na mnacheka. Kumbuka vizuri: yeye anacheka kabla ya kuinama au baada ya kuinuka? Ule mstari waliuchora wawili, mwanangu. Mkono ulikuwa wa mzee, kiwiko kilikuwa cha bibi. Na sasa chumvi inamrudishia mumewe vipande vipande sakafuni, leo kidogo, kesho kidogo, naye anamfagia. Halafu anampeleka wapi? Umeiandika mwenyewe kwa mwandiko wako. Anampeleka kwenye shina la mvinje. Siku hizi anakaa hukohuko kwanza. Na alipoulizwa akifumbua macho anataka aone nini, alisema nini?

Mimi sijui yaliyo moyoni mwake, hilo atakuambia yeye. Lakini nikiwa mwanamke niliyezika, naona kwamba bibi yako hakusema babu atolewe nyumbani. Amekwisha kumhamisha, taratibu, kwa kizoleo, na alichoomba ni dirisha la kiasi la kumtazama. Wewe ukampa kitanda mbele ya ukuta ambao ataendelea kuufagia mpaka mgongo ukatae, na huo mti unakwenda kukatwa kwa ajili ya tangi la maji. Kisha ukauliza kama chai ipo.

Usilie sasa, utalia ukimaliza kazi. Kazi yenyewe ni hii.

Habari ya kuumwa Jumamosi ifute, na habari ya kugeuza kitanda kimyakimya ifute pia, umeshageuza vya kutosha. Kesho asubuhi amka kabla yake, uwahi ufagio. Ufagie mwenyewe, uzoe mwenyewe, uende naye mpaka kwenye mvinje, na hapo ndipo useme. Anza na mti, maana mti ndio wenye haraka. Halafu ukuta. Halafu "mweupe" uliyomjibu. Hata ile chai, mwambie. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, na mlango wa jikoni upo hata kama umevimba. Akikuuliza kwa nini, usimjibu "sijui." Mjibu: "Niliutaka mimi." Maneno mawili. Mwache na yeye akujibu, na akikujibu usimkatize.

Siku hiyohiyo mpigie msanifu, bibi akiwa amekaa ubavuni kwako. Tafsiri kila neno litakalotoka mdomoni kwake, na matusi yakiwemo, ukifika kwenye "masikio ya mapambo" mwambie hilo lilikuwa lako. Waulizane wenyewe yale ambayo uliyazuia yasiulizwe. Je, rangi inaweza kufungwa isibanduke tena? Je, tangi linaweza kukaa kwingine? Je, ukuta unaweza kubaki mahali ambapo mtoto atauona na mjane hataufagia? Labda yote yanawezekana, labda hakuna hata moja. Msanifu ndiye anayejua, na hakuna aliyeweza kumuuliza kwa sababu hakuna aliyekuwa anazungumza naye ila wewe.

Na wakimaliza, kabla hujakata simu, sema: sasa naongea mimi. Kwa lugha ya shule, halafu kwa lugha ya nyumbani. Wanaweza kukukatalia. Mwenye nyumba ni bibi yako, akisema mweupe ni mweupe, nawe utashika brashi umsaidie kupaka. Angalau ukuta ukianguka utakuwa umeutetea kwa jina lako, na babu yako aliyeacha KARI bila BU atamwelewa mtu aliyechelewa kumalizia neno.

Kile kipande cha buluu nimekitia kwenye chungu cha maua hapa dirishani kwangu. Ni mahali pazuri, pana jua.

Limebaki ombi lako la mwisho. Umeniomba nikufiche, au nikuambie uruke mistari gani. Nimekusitiri kwa wasomaji wote wa gazeti hili, hawatakujua. Kwa msikilizaji wako mmoja sikusitiri. Jumatano imefika, gazeti liko mkononi, naye atakuambia kama kawaida, "Haya, nisomee Shangazi kasemaje." Ukimwomba asubiri mpaka kesho, ukaseme kwanza pale kwenye mvinje, mtasoma mkicheka na kulia. Ukiogopa, basi hii hapa ndiyo nafasi yako, nimekuandikia kila kitu, na wewe ni hodari wa kusema maneno ya mtu mwingine. Nyayo zikikaribia mlangoni, usiufiche ukurasa. Uweke juu ya meza, vuta kiti chake, anza na "Mpendwa Shangazi," na usiruke hata mstari.

Ukifika hapa sauti itakuwa imekukauka. Vumilia, umebaki mmoja, nao si wako:

Shikamoo, mama. Huyo anayekusomea ndiye. Mpe maji kwanza, halafu mwambie akuulize upya lile swali la asubuhi, na safari hii umjibu polepole.